Nimeforwadi voisi ya Noah nyeupe, je naweza kufungwa?

Swali: Habari mwanasheria. Mimi ni mama wa watoto wawili hapa Morogoro na ni admini wa grupu la WhatsApp la wazazi wa shule wanayosoma wanangu. Wiki iliyopita kwenye grupu la ukoo ilikuja voisi, mwanamke analia anasema kuna Noah nyeupe inachukua watoto jirani na shule, nikaiforwadi kwa wazazi bila hata kujiuliza. Kesho yake watoto wengi hawakuja shule, baadaye polisi wakatoa tamko kwamba hakuna tukio kama hilo. Sasa kuna baba mmoja kwenye grupu kila siku ananitishia kunipeleka polisi, anasema sheria ya mtandao ni miaka mitatu jela. Ni kweli? Niifute ile voisi? Na hizi sheria za kuzuia uongo zinasaidia kweli au ni za kututisha tu?

Jibu: Pole sana dada yangu. Nianze na hilo la jela maana najua ndilo linalokukosesha usingizi, hayo ya kama sheria zinasaidia tutayafikia kwa nafasi.

Huyo baba hajakosea kifungu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huohuo wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo kwenye mfumo wa kompyuta, na simu yako ni kompyuta tosha kabisa. Adhabu ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote kwa pamoja. Isiyopungua, yaani ukishatiwa hatiani hesabu inaanzia hapo, siyo kwamba inaishia hapo kama watu wengi wanavyodhani. Na usijipe moyo kwamba kuforwadi siyo kuchapisha. Sheria hiyo imelifungua sana neno kuchapisha, kusambaza kumo, kuzungusha kumo, kwa hiyo ile "mimi nimeforwadi tu jamani" ambayo kila mteja anaingia nayo ofisini, yenyewe kama yenyewe haikutoi.

Kinachokutoa ni kingine na huyo baba hajakisoma, au amekisoma akakiruka makusudi. Mwendesha mashtaka hawezi kusimama akasema voisi ilikuwa ya uongo halafu akakaa. Anatakiwa kuthibitisha kwamba ulipobonyeza kutuma ulikuwa unajua ni uongo, na juu ya hapo ulikuwa na nia mbaya, iwe ya kukashifu mtu, kutishia, kutukana, au kudanganya na kupotosha umma. Vyote hivyo vithibitishwe bila kuacha shaka ya msingi. Kimoja kikikosekana kesi haina miguu.

Sasa tuangalie ya kwako. Uliipata kwenye grupu la ukoo, ina sauti ya mtu analia, watoto wako wanasoma shule hiyohiyo, ukaituma kwa wazazi wenzako. Nakuuliza swali ambalo ningekuuliza kama ungekaa mbele yangu: kesho yake wewe watoto wako uliwapeleka shule? Kama uliwabakiza nyumbani, au uliwasindikiza kwa miguu mpaka getini wakati siku zote wanapanda bodaboda, hilo likumbuke vizuri, mkumbuke na aliyekuona, maana mtu anayejua fika kwamba habari ni ya uongo hambakizi mwanae nyumbani. Ni kitu kidogo lakini kesi za namna hii huwa zinajengwa na kubomolewa na vitu vidogo. Kingine ni muonekano wa hiyo meseji yenyewe, kama juu yake kuna vile vimshale viwili vya kuonyesha imeforwadiwa mara nyingi basi inajionyesha yenyewe kwamba siyo wewe uliyeitengeneza, ilishazunguka huko kabla haijakufikia.

Ila kuna jambo moja lazima nikwambie bila kukupamba. Ulipoituma hukujua, sawa, lakini polisi walipotoa tamko na ukaliona, kuanzia dakika hiyo unajua. Ukiituma tena leo kwa mtu mwingine, hata kwa utani, hata kwa kumuonyesha shoga yako "ndo ile voisi yenyewe niliyokuwa nakwambia", ule utetezi wako wote niliokujengea hapo juu unauvunja kwa mkono wako. Hivyo isitoke tena kwenye simu yako kwenda kwa mtu yeyote isipokuwa wakili au mpelelezi mwenye barua.

Kuhusu kuifuta, usikurupuke. Watu wakiogopa wanafuta kila kitu, wengine wanarudisha simu ilivyotoka dukani, halafu siku ya siku hawana hata cha kuonyesha kwamba ilitoka kwa mtu mwingine. Wewe kwanza piga skrinshoti ya grupu la ukoo inayoonyesha voisi iliingia lini na saa ngapi, piga nyingine ya grupu la wazazi, zitunze, mtumie na mumeo au ndugu unayemuamini. Baada ya hapo andika kwenye grupu la wazazi sahihisho la wazi. Siyo ule msamaha wa kuzunguka, andika tu kwamba voisi niliyoleta siku fulani kuhusu gari linalochukua watoto siyo ya kweli, polisi wamekanusha, tamko lao hili hapa, naomba aliyeipeleka mbele awaambie hao aliowapelekea. Kama bado inakubali kufutwa kwa wote ifute baada ya hilo sahihisho, na kama muda umeshapita iache, sahihisho lipo chini yake. Mahakamani mtu aliyesahihisha mwenyewe kabla hajaitwa anaonekana tofauti kabisa na mtu aliyekaa kimya mpaka akakamatwa.

La admini sasa, maana naona na hilo linakutisha. Kifungu cha 16 kinamshika anayechapisha, hakisemi kwamba kila uchafu unaomwagwa kwenye grupu ni wa admini. India suala hili lilishafika mahakama kuu, Bombay mwaka 2021 na Kerala mwaka 2022, na kote majaji walisema admini kazi yake ni kuingiza na kutoa watu, hawezi kubebeshwa kosa la meseji ya mwanachama kwa sababu tu ni admini. Huko ni kwao, hapa kwetu hukumu ya India haimfungi hakimu, lakini ni hoja ambayo wakili anaweza kuisimamia vizuri tu. Kinachowaponza admini wengi ni midomo yao, kaona uongo akaandika "sambazeni kwa faida ya wote", hapo siyo admini tena, keshakuwa mshiriki.

Kwa hiyo kufungwa? Kwa hayo uliyonieleza, nikipewa kesi hii siogopi hukumu. Naogopa vitu vinavyokuja kabla ya hukumu, na hapo ndipo watu wengi hawaielewi hii sheria. Huyo baba akienda kweli kituoni na akampata askari mwenye muda, utaitwa. Chini ya kifungu cha 31 mkuu wa kituo mwenyewe anaweza kutoa amri ya kupekua na kuchukua kifaa akiona kuna sababu za msingi, haendi kwanza kwa hakimu. Simu inachukuliwa kama kielelezo, na kwenye hiyo simu ndiko kuna pesa zako, namba za wateja kama unafanya biashara, picha za watoto, kila kitu. Utaandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo yako polisi yanayoweza kutumika dhidi yako mahakamani. Utatafuta wadhamini wenye barua za serikali ya mtaa. Ukifikishwa mahakamani utaambiwa upelelezi haujakamilika, utarudi baada ya wiki mbili, upelelezi haujakamilika, utarudi tena, na kila ukirudi umefunga genge lako, umepanda daladala, umekaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita ili usikie sentensi moja. Nimeona watu wanaishia kusema mheshimiwa bora nikiri tu nilipe yaishe, wakati hawana kosa kabisa, na kwa sababu kima cha chini ni milioni 5 hata huko kukiri siyo njia ya mkato.

Ukiitwa nenda, usijifiche, kujificha kunatafsiriwa vibaya. Lakini usiende peke yako. Una haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki kabla ya kuhojiwa, na hayo maelezo ya onyo usiyasaini mpaka umeyasoma neno kwa neno au umesomewa ukaelewa, maana ukishasaini "nilijua si kweli ila niliona niitume tu" ambayo askari ameiandika kwa haraka zake, kuja kuiondoa hiyo sentensi mahakamani ni kazi kweli kweli. Kama wakili ni gharama, vipo vituo vya msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wilayani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii watakuelekeza.

Haya, la pili. Zinasaidia?

Uongo unaua, tusidharau hilo. Na haukuanza na WhatsApp, mabibi zetu wa Mombasa, Dar, Nairobi na Kampala walikua na hofu ya mumiani, kwamba wazimamoto wa serikali ya mkoloni wanakamata watu usiku kuwanyonya damu, na watu waliamini kabisa. Kivu Kaskazini, huko Kongo (DRC), kwenye Ebola ya 2018 mpaka 2020, ambako watu zaidi ya 2,200 walikufa, ilisambaa kwamba ugonjwa umetengenezwa, ni biashara ya wakubwa, vituo vya matibabu vikachomwa, Aprili 2019 daktari wa Shirika la Afya Duniani akauawa kwa risasi ndani ya hospitali Butembo. Lakini angalia kitu kimoja pale. Desemba 2018 tume ya uchaguzi iliwaondoa watu wa Beni na Butembo kwenye kura ya urais kwa sababu ya Ebola, na wakati huohuo masoko yako wazi, makanisa yako wazi. Mtu wa Beni ukimwambia Ebola ni siasa baada ya hapo unafikiri atabisha? Uongo ulipata mbolea kutoka kwa wakubwa wenyewe. Hapo ukileta kifungu cha sheria ukamfunga kijana aliyeposti, umetibu nini?

Kwetu hii sheria ya 2015 ilipoanza tu, waliokumbana nayo mwanzoni ni akina nani? Oktoba 2015 kijana wa chuo Dar alishtakiwa kwa kuandika Facebook kwamba Mkuu wa Majeshi wakati huo, Jenerali Davis Mwamunyange, amelazwa baada ya kula chakula chenye sumu. Tetesi hiyo ilikuwa imezagaa nchi nzima, kila kijiwe kinaizungumza, aliyepatikana ni mwanafunzi mmoja na akaunti yake ya Facebook. Mwisho wa mwezi huohuo, siku chache baada ya kupiga kura, polisi walivamia kituo cha waangalizi wa ndani wa uchaguzi, TACCEO, waliokuwa chini ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wakakamata watu 36 na kuondoka na kompyuta na simu. Ile sheria tuliyoambiwa inakuja kutulinda na wezi wa mtandao.

Na wezi wa mtandao wenyewe wapo. Ile "hela tuma kwenye namba hii jina litakuja fulani" unaendelea kuipata, mimi naipata, juzi nimeipata nikiwa nimekaa na askari na yeye akaipata, tukacheka. Ule ni uongo wenye mwathirika, wenye hasara inayohesabika, wenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa alama za vidole.

Mfano ambao mimi nautumia siku zote nikiulizwa swali hili ni wa Machi 2021, na naomba nieleweke, siongei kwa ushabiki, namuongelea marehemu kwa heshima yake. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari. Wiki ya kwanza ya Machi tetesi zikaanza kwamba anaumwa, mwingine anasema yuko Nairobi, mwingine India, kila mtu na hospitali yake. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Majaliwa akiwa Njombe aliwaambia waumini msikitini kwamba Rais yuko salama anaendelea na kazi. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akakumbusha watu kuhusu vifungu na adhabu, na polisi katika mikoa kadhaa wakatangaza wamekamata watu kwa kusambaza uvumi kuhusu afya ya Rais. Tarehe 17 Machi usiku Makamu wa Rais, Mama Samia, akatangaza msiba, na katika tangazo hilohilo akaeleza kwamba Rais alilazwa tarehe 6 Machi taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, akatoka tarehe 7, kisha tarehe 14 akapelekwa hospitali ya Mzena.

Sasa weka hizo tarehe pamoja. Waliosema yuko Nairobi walikosea, waliosema India walikosea, hilo sibishi. Lakini kiini cha uvumi, kwamba Rais ni mgonjwa, serikali yenyewe ilikuja kukithibitisha kwa tarehe. Wakati watu wanawekwa ndani, nani alikuwa na taarifa kamili na nani alikuwa anabahatisha gizani? Na Katiba yetu ibara ya 18, watu wanaikumbuka kwa uhuru wa maoni tu, ina kipengele cha (d) kinachosema mwananchi ana haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yake na masuala muhimu kwa jamii. Kupewa. Ni deni la serikali hilo, siyo hisani. Mdaiwa hajalipa halafu anamshtaki mdai kwa kuotea kiasi.

Ndiyo maana mimi msimamo wangu, na wenzangu wengine wa serikalini tunabishana sana hapa, ni kwamba serikali haiwezi kuwa mchezaji, refa na VAR kwenye swali la nini ni kweli. Siyo kwa sababu serikali ni mbaya kuliko watu wengine. Ni kwa sababu habari zinazowauma wakubwa ndizo hizohizo wao wana hamu ya kuziita uongo.

Malaysia walituonyesha sinema nzima ndani ya miezi michache. Aprili 2018 walipitisha sheria iliyoitwa kabisa kwa jina la kupinga habari feki, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi. Wa kwanza kutiwa hatiani alikuwa raia wa Denmark aliyeposti video akilalamika kwamba polisi walichukua dakika 50 kufika kwenye tukio la mtu kupigwa risasi, polisi wakasema ni dakika 8. Mtu kakosea dakika, kala wiki moja jela na faini ringgit 10,000, faini ikamshinda akaongezewa mwezi. Na mwingine aliyefunguliwa uchunguzi chini ya sheria hiyo ni Mahathir Mohamad, mgombea wa upinzani, kisa alisema ndege aliyotaka kupanda imehujumiwa. Mahathir akashinda uchaguzi wa tarehe 9 Mei akawa Waziri Mkuu, na Desemba 2019 bunge likaifuta kabisa hiyo sheria.

Lakini huna haja ya kwenda Malaysia, jirani hapa Uganda wana hukumu ambayo ningependa kila hakimu wa Afrika Mashariki aiweke chini ya mto wake wa kulalia. Septemba 1997 gazeti la Monitor lilichapisha habari kwamba Kabila mzee wa Kongo ameilipa Uganda kwa dhahabu kwa msaada waliompa kumtoa Mobutu, wakaitaja wazi kwamba wameitoa kwenye ripoti ya jarida la nje. Mhariri Charles Onyango-Obbo na mwandishi Andrew Mwenda wakashtakiwa chini ya kifungu cha 50 cha kanuni ya adhabu, kuchapisha habari za uongo. Kwenye kesi yenyewe waliachiwa, wangeweza kwenda nyumbani wakalala, lakini wakaendelea kukipinga kifungu chenyewe, Mahakama ya Katiba ikawakatalia, wakapanda juu, na tarehe 11 Februari 2004 majaji saba wa Mahakama ya Juu wakakubaliana wote kwamba kifungu hicho kinapingana na katiba na ni batili. Jaji Mulenga ndiye aliyeandika hukumu kuu, na hoja yake ukiitoa kwenye lugha ya mahakama ni kwamba kauli ya mtu haipotezi ulinzi wa katiba eti kwa sababu mtu mwingine anaiona ni ya uongo au imekosewa au inakera, na kwamba ukitaka kuibana kauli lazima uonyeshe hatari ya kweli, siyo hofu ya kufikirika kwamba watu "huenda" wakataharuki.

Kifungu kilichofutwa hakikuwa hata cha kwetu. Mzizi wake ni sheria ya England ya 1275, enzi za mfalme Edward wa Kwanza, ilitungwa kuzuia watu wasizushe maneno ya kugombanisha mfalme na wakubwa zake. England wenyewe waliitupa 1887. Halafu vifungu vya ukoo huohuo vikaletwa huku na mkoloni, tukavirithi, sisi tena tukaja kuvivalisha nguo za mtandao. Kenya nao Mei 2018 waliweka vifungu viwili kwenye sheria yao ya makosa ya mtandao, 22 na 23, kile cha pili kikifika mpaka miaka 10 jela, chama cha wanablogu wa Kenya, BAKE, wakakimbilia mahakamani, Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26 mwezi huohuo, 2020 Jaji Makau akavirudisha, mvutano ukaendelea kwenye rufaa. Na sisi huku sheria yetu ya habari ya 2016 ilipelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha, Machi 2019 wakasema vifungu vyake kadhaa vinavunja Mkataba wa Jumuiya, kikiwemo kile cha kuchapisha taarifa za kutia hofu, ila hiyo inahusu zaidi vyombo vya habari, wewe na grupu lako haikugusi moja kwa moja.

Utaniuliza sasa tufanyeje, tuache tu kila mtu ajisemee? Hapana. Mimi nisingefuta kila kitu. Anayetengeneza video feki ya mtangazaji wa BBC anasoma matokeo ya utafiti wa maoni ya wapiga kura ambao haupo, kama zilivyosambazwa Kenya kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, huyo anajua anachofanya, ana vifaa, kuna mtu anamlipa, mtafute huyo. Anayeuza dawa ya kutibu kisukari kwa siku saba mtafute huyo. Kifungu cha 16 kingebaki na lile sharti kwamba mtuhumiwa alijua ni uongo kama ilivyo, kingeongezewa sharti la madhara halisi yaliyotokea au yaliyokuwa yanakuja kweli, na lile la "kupotosha umma" liondoke kwa sababu ni gunia, linaingia chochote. Mtu wa kwanza kukosea apewe amri ya kusahihisha, basi. Miaka mitatu kama kiwango cha chini kwa mama aliyeogopa kuhusu watoto ni kichekesho.

Na kuna mambo yanayofanya kazi bila askari hata mmoja. Mwaka 2018 India watu walikuwa wanauawa na makundi ya wananchi kwa voisi na video za wateka watoto, yaani hiyohiyo Noah yako kwa lugha nyingine. WhatsApp wakapunguza kuforwadi, kwanza India, Januari 2019 dunia nzima ikawa mwisho chati tano kwa mara moja, Aprili 2020 wakabana zaidi kwamba meseji iliyozunguka sana unaituma chati moja tu. Wao wenyewe walisema meseji za namna hiyo zilipungua kwa asilimia 70. Hawakumfunga mtu, walichelewesha kidole tu.

Ya kwako nayo ina upande wa serikali wa kuangalia. Kati ya voisi kuingia na tamko la polisi kutoka ilipita muda gani? Kwa maelezo yako, usiku mzima na asubuhi na zaidi. Mwalimu mkuu hayumo kwenye grupu lenu? Kama hayumo muingizeni, au mumuweke mwalimu wa zamu, na mpate namba ya askari kata, sikuhizi kila kata ina mkaguzi wake wa polisi na wengi wanapokea simu. Voisi kama ile ikija saa tatu usiku mtu mmoja anapiga, anapewa jibu, analiandika kwenye grupu kabla watu hawajalala.

Kuhusu huyo baba, usibishane naye hadharani kwenye grupu, kila unachoandika kwa hasira ni skrinshoti ya kesho. Mtumie sahihisho lako inbox, mwambie ameshaona umelirekebisha, akitaka kwenda kituoni ni haki yake. Na mkumbushe kwa upole tu kwamba kutishia mtu kila siku kwenye mtandao kumtia hofu nako kuna kifungu chake kwenye sheria hiyohiyo anayoipenda, ni cha 23, akisome akipata nafasi.